Mama Joseph, Sista Aliyepanda Juu ya Kenchi



Vijana wenzangu, leo sileti maisha ya mtakatifu wa kwenye kalenda. Huyu ninayemleta Kanisa halijamtangaza mtakatifu wala mwenye heri, ni sista tu aliyefariki mwaka 1902. Nimemchagua kwa sababu ya ukuta uliopasuka, na ukuta wenyewe ulipasuka kwa uzembe wangu. Ngoja nianzie hapo, halafu nimlete yeye.

Niko kwenye mwaka wa kichungaji. Wiki mbili tu baada ya kuripoti parokiani, Paroko alinikabidhi daftari la ujenzi wa kanisa la kigango na funguo za stoo. Nilipokea kwa heshima, "ndiyo Baba", lakini moyoni nilinung'unika. Nimemaliza falsafa, nimeandika tasnifu juu ya Aristotle na visababishi vyake vinne, na leo natumwa kuhesabu mifuko ya saruji? Nilijiona nimepelekwa kufanya kazi ya chini, na mbaya zaidi, kazi isiyo ya kiroho. Nikawa nasaini tu. Fundi akileta hesabu, nasaini. Lori la mchanga likija, nasaini nikiwa nimeshika breviari mkono wa pili.

Kuna dada mmoja wa VIWAWA, anasoma ukadiriaji majenzi chuoni. Alikuja likizo, akapita saiti, akakwangua tofali moja kwa ukucha, likamomonyoka kama ugali mkavu. Akaniambia, Frateri, haya matofali saruji yake ni kidogo sana. Mimi nikamjibu kwa ule upole wetu wa kifrateri, kwamba fundi ni mtu mzima na anaijua kazi yake. Akanyamaza. Mvua za kwanza zilipokuja ukuta wa sakristia ukapasuka kuanzia kwenye lenta mpaka chini. Michango ya wanajumuiya, ya mama wa karanga na ya mzee aliyetoa mbuzi, ilikuwa imo ndani ya ufa ule.

Yule dada hakunisema. Alinitumia kwa simu picha ya sanamu ya sista mmoja aliyepiga magoti, na jina lake chini. Basi. Nikaanza kumtafuta huyo sista, kwanza kwa aibu, baadaye kwa njaa ya kumjua.

Jina la ubatizo ni Esther Pariseau. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1823 Saint-Elzéar, kijiji cha jimbo la Quebec nchini Kanada, mtoto wa tatu kati ya watoto 12. Baba yake, Joseph Pariseau, alikuwa fundi wa magari ya farasi. Sasa, gari la farasi si meza. Gurudumu likikosewa kidogo tu, abiria wanakwenda mtaroni. Kwa hiyo karakana ile ilikuwa shule ya kupima sawasawa, na Esther aliingia humo tangu mdogo, akajifunza randa, msumeno, patasi na nyundo, kando ya kushona, kupika na kusokota sufu kama wasichana wote wa kwao.

Tarehe 26 Desemba 1843, akiwa na miaka 20, baba yake alimpeleka Montreal kwenye shirika jipya la Masista wa Providence. Mwanzilishi wake alikuwa mjane Émilie Gamelin, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 2001. Yule baba alimweleza Mama Gamelin sifa za bintiye bila kuona haya: anajua kusoma, kuandika na kupiga hesabu bila kukosea, anajua kazi zote za nyumbani, na useremala anauweza sawa na baba mwenyewe. Akaongeza kwamba anajua kuwapangia wengine kazi, na kwamba siku moja atakuwa mkuu mzuri. Nilicheka niliposoma hilo. Ni kama mzazi wa kwetu anayepeleka mtoto utawani na kumpigia debe papo hapo. Lakini angalieni alichokipigia debe: hesabu, nyundo, na kupanga kazi za watu. Na Mama Gamelin hakumwambia kwamba nyundo aiache mlangoni.

Alipoweka nadhiri alipewa jina la baba yake, Joseph, ambalo pia ni la yule seremala wa Nazareti.

Miaka 13 baadaye, Askofu Augustin Blanchet wa jimbo la Nesqually, ng'ambo ya pili ya bara, alihitaji masista. Shirika lilikuwa tayari limejaribu mara moja: mwaka 1852 lilituma masista watano Oregon, wakakuta kila mtu amekimbilia dhahabu ya California. Katika kurudi kwa meli wakaishia Chile, na huko wakabaki kuanzisha utume. Si mchezo. Kwa hiyo mwaka 1856 kundi la pili la masista watano lilipoundwa, kila mmoja alijua kwamba ramani na safari ni vitu viwili tofauti. Mkuu wa kundi akawa Sista Joseph, na wakati wa kuondoka akaongezewa jina, akawa Mama Joseph wa Moyo Mtakatifu.

Walitoka Montreal mwezi Novemba, wakapanda meli New York, wakavuka Panama kwa reli iliyokuwa na mwaka mmoja na ushee, wakapanda meli nyingine hadi San Francisco, na kutoka huko wakaelekea kaskazini hadi mto Columbia. Walifika Vancouver tarehe 8 Desemba 1856, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa. (Hii si Vancouver ya Kanada mnayoijua. Iko Marekani, kusini mwa jimbo la Washington, na ng'ambo ya mto ndipo ulipo mji wa Portland.)

Wakakuta hakuna nyumba. Yaani hakuna kabisa. Wakapewa darini kwa askofu, chini ya paa. Hapa ndipo ningekuwa mimi ningeandika barua ya malalamiko kwa walezi wangu. Mama Joseph alitafuta mbao na vifaa, akatengeneza vya kulalia, akagawa nafasi, akatengeneza altare. Kazi yake ya kwanza ya ujenzi upande ule wa dunia ilikuwa chumba cha kulala cha watu watano darini.

Mwaka 1858 likatokea jambo dogo ambalo mimi naona ndilo linalomweleza kuliko yote. Alikuwa amejenga kijumba cha kufulia na kuokea mikate. Akina mama wa pale mjini, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, walikuwa wakihangaika kwa sababu wagonjwa maskini hawakuwa na pa kulazwa. Mama Joseph akakibadilisha kile kijumba, akaweka vitanda 4, na hiyo ikawa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, hospitali ya kwanza ya kudumu katika eneo lote lile la kaskazini-magharibi. Msimamizi mzuri wa ujenzi ana ratiba, lakini pia anajua lini mgonjwa anatangulia nguo chafu.

Mwaka uliofuata alifanya kitu ambacho hakina picha nzuri ya kuweka mtandaoni. Mwezi Januari 1859 shirika lake liliandikishwa kisheria katika Wilaya ya Washington, ambayo wakati huo haijawa jimbo kamili. Tuelewe maana yake. Wakati ambapo wanawake wengi, hasa walioolewa, sheria haikuwapa nafasi kubwa ya kumiliki mali kwa jina lao, kundi la masista lilipata uwezo wa kununua ardhi, kuuza, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Bila karatasi ile, kila hospitali iliyofuata ingetegemea jina la mwanamume fulani, na siku anafariki warithi wanakuja na vikao. Tunazijua hizo kesi, hata huku kwetu. Viwanja vingapi vya vigango vyetu vimeandikwa jina la marehemu fulani?

Halafu pesa. Wilaya ile haikuwa na matajiri wengi wa kuombwa, ila kulikuwa na wachimbaji wa dhahabu. Mama Joseph akapanda farasi. Miaka ya 1860 na iliyofuata alizunguka na sista mwenzake kwenye machimbo ya Idaho, Montana na British Columbia, akilala porini, akipita kwa wanaume wenye tope hadi magotini, akiwaomba vumbi la dhahabu kwa ajili ya yatima na wagonjwa. Alirudi na maelfu ya dola. Husimuliwa kwamba safari moja majambazi waliteka gari la farasi alilopanda na kuamuru mizigo ishushwe. Yeye akamwendea mmoja wao kama mama anavyomwendea kijana wake, akamwomba mkoba wake mweusi. Akarudishiwa, na michango ikiwa humo humo.

Mimi kuomba mchango wa harambee kwenye misa ya pili huwa natetemeka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana watu husema alijenga hospitali kama vile tunavyosema Paroko amejenga kanisa, kumbe Paroko alibariki tu jiwe. Mama Joseph alichora ramani. Alitafuta kiwanja na kupatana bei. Aliagiza mbao, aliajiri mafundi na vibarua, na yeye ndiye aliyewalipa. Alishinda saiti. Waliomjua walisimulia kwamba nyundo ilining'inia kiunoni juu ya vazi lake la kitawa, kwamba alitambaa chini ya sakafu kukagua msingi, na kwamba alipanda juu kabisa na kurukaruka kwenye boriti kuona kama zitabeba. Kuna simulizi kwamba mafundi walijenga dohani vibaya. Asubuhi walipofika kazini wakaikuta imebomolewa na kujengwa upya, na aliyeijenga usiku ule alikuwa mama mwenyewe. Sijui hao mafundi walimtazama vipi siku ile. Jengo likikamilika hakukaa kulifurahia. Alilikabidhi kwa masista watakaoliendesha, akaondoka kwenda kwenye msingi mwingine.

Jengo lake kubwa liko pale pale Vancouver, Providence Academy, lililoanza kujengwa mwaka 1873. Ghorofa 3 za matofali ya kuchoma, yaliyotoka kwenye tanuri la jirani yao, Lowell Hidden. Wakati wake lilihesabiwa kuwa jengo kubwa kuliko yote ya matofali kaskazini ya San Francisco. Ndani kulikuwa na shule, makao ya yatima, nyumba ya masista na kikanisa chenye altare ambayo alishiriki kuichonga kwa mikono yake. Mwanamke anayesimamia ghorofa zote hizo na huku jioni anachonga maua ya altare kwa patasi ndogo! Jengo bado limesimama. Mwaka 2015 taasisi ya kuhifadhi historia ililinunua ili lisibomolewe, na watu bado wanafunga ndoa kwenye kile kikanisa.

Nyingine nitazipitia haraka. Portland, Hospitali ya Mtakatifu Vinsenti, 1875. Seattle, masista walikubali mwaka 1877 kuwatunza maskini wa wilaya ya King kwa mkataba na serikali, na miaka michache baadaye Mama Joseph akachora na kusimamia hospitali kubwa ya mbao. Walla Walla. Spokane alikwenda mwaka 1886 akiwa na miaka 63, akanunua kiwanja kando ya mto, akasimamia ujenzi wa Hospitali ya Moyo Mtakatifu, ambayo iko mpaka leo, ingawa majengo ni mengine. Wanaohesabu wanasema kwa jumla ni hospitali 11, shule za akademia 7, nyumba za yatima 2, na shule 5 za watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani.

Kwenye hizo 5 siwezi kupita haraka. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Masista walipofika mwaka 1856 vita kati ya Wayakama na jeshi la Marekani vilikuwa bado vinaendelea, na mikataba ya kuwahamisha wenyeji ilikuwa imetiwa saini mwaka mmoja tu kabla. Shule za misheni za aina hiyo, Marekani na Kanada, ziliendana na mpango wa serikali wa kuwafanya watoto waache lugha na mila za wazazi wao, na wengi waliumia humo. Papa Fransisko alisafiri hadi Kanada Julai 2022 kwenda kuomba msamaha. Nilipofika hapa nilitaka kuiruka sehemu hii ili hadithi ibaki safi. Lakini mtu aliyebomoa dohani kwa sababu tofali limekaa vibaya, sidhani angependa nimpake rangi juu ya ufa. Alikuwa mtu wa wakati wake, akaona njaa na ugonjwa, akajenga. Asichokiona, hakukiona. Kukosea kwake hapo kunanifanya niogope kidogo kuhusu ninachojenga mimi kwa nia njema.

Na hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Alikuwa na msimamo mkali, alidai kila kitu kiwe sawasawa, na sifa hiyo ilimfuata ndani ya jumuiya kama ilivyomfuata saiti. Nasema hivi kwa ajili ya wale wasichana ambao wameshaambiwa kwamba wana kichwa kigumu mno kwa utawa. Aliyekuwa na kichwa kigumu kuliko yule sijamwona.

Swali lililonisumbua ni hili: aliomba saa ngapi? Maana mimi nilijitetea kwa breviari. Jibu nililolipata ni la kawaida sana. Aliomba saa za sala kama masista wote, kisha akaenda saiti, na hakuna mahali nilipoona kwamba aliyatenga hayo mawili kama vyumba vyenye ukuta katikati. Aristotle anapoeleza visababishi vyake hutumia mfano wa nyumba: mawe na mbao, umbo lake, mjenzi, na lengo la kuwakinga watu. Nimeufundisha mfano huo kwa mdomo na nikapata alama nzuri. Kumbe kile kisababishi cha nne, kwa nini nyumba ipo, nilikuwa nakiona cha kiroho, na saruji naiona ya kidunia, wakati mgonjwa wa Seattle mvua ikinyesha hakukingwa na lengo. Alikingwa na paa lililokaguliwa.

Mama Joseph alifariki Vancouver tarehe 19 Januari 1902, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 78. Maneno yake ya mwisho kwa masista hayakuhusu majengo hata moja. Aliwaachia maskini: wawapokee, wasiwaogope, na asiwepo wa kusema kwamba fulani hamhusu, mwingine atamwona.

Mwaka 1953 chama cha wasanifu majengo wa Marekani kilimtambua kama msanifu wa kwanza wa kaskazini-magharibi, miaka 51 baada ya kuzikwa. Mwaka 1980 jimbo la Washington likaweka sanamu yake kwenye jumba la Bunge la Marekani, ambako kila jimbo linaruhusiwa sanamu 2 tu. Ndiyo ile niliyotumiwa kwenye simu.

Nilimpigia yule dada. Nilimwomba radhi, akasema yameisha, kisha akaniuliza kama nina pima maji ya kueleweka maana ile ya stoo imepinda. Nikaenda kwa Paroko nikamweleza kwamba kosa ni langu, nilisaini bila kuangalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akaniambia nisimame mbele ya kigango Jumapili niwaambie wenye michango yao. Nilisimama. Yule mzee wa mbuzi alikuwa kwenye benchi la pili.

Jumatatu tulianza kuubomoa ule ukuta. Fundi, vibarua wawili, dada yetu na daftari lake, na mimi na nyundo. Siku mbili na nusu. Matofali yaliyofaa kurudishwa yalikuwa 140, tumeyapanga kivulini.